Maziwa yakiwaka mekundu maana yake nini? Maswali yenu kuhusu mabaki ya dawa

Habari zenu wasomaji. Mwezi huu safu nzima ni maziwa, maana toka tulipogusia dawa za mifugo toleo lililopita meseji hazijakoma, na nyingi zimeletwa na video moja inayozunguka WhatsApp. Kwa ambaye hajaiona, jamaa ana glasi mbili za maziwa, anadondoshea matone ya kitu fulani, anazima taa ya chumba kisha anamulika na tochi ya zambarau, glasi moja inawaka nyekundu, ya pili haiwaki, halafu anasema ile nyekundu ndo yenye antibayotiki. Nimechagua maswali machache yanayobeba na ya wengine, nimeyafupisha kidogo tu.

Shikamoo daktari. Ile video ya maziwa kuwaka nyekundu ni kweli au ni ujanja wa mtandaoni? Na hicho anachodondosha ni nini? – Kijana mfugaji, Njombe

Marahaba kijana wangu. Inaweza kuwa kweli kabisa, kemia yake inajulikana miaka mingi. Kuna metali inaitwa europiamu, wale waliokuwa na TV za chogo waliiangalia kila siku bila kujua, ule wekundu wa kwenye kioo ulikuwa unatoka humo. Sasa europiamu ikiwa peke yake kwenye maji inashika mwanga kidogo sana, unaweza kuimulika na isikuonyeshe kitu. Ila dawa za kundi la tetrasaiklini, pamoja na hiyo OTC (oksitetrasaiklini) tunayochoma ng'ombe kila leo, zina umbo linaloing'ang'ania europiamu vizuri mno, na zenyewe zinanyonya mwanga wa UV, ule wa tochi ya zambarau, kwa wingi, kama nanomita 390 hivi (ndo kipimo cha urefu wa mawimbi ya mwanga), halafu nguvu ile zinaisukumia europiamu nayo inaitoa kama mwanga mwekundu wa nanomita 615. Dawa inafanya kazi ya antena juu ya bati, TV ipo ndani lakini bila antena picha haiji. Kwa hiyo hakuna dawa hakuna mng'ao, kuna dawa kuna wekundu. Huo ndio unaitwa mng'ao wa fluoresensi kwa lugha ya jumla: kitu kinameza mwanga wa aina moja kinarudisha wa aina nyingine, wenye nguvu ndogo zaidi. Aliyeueleza vizuri ni George Gabriel Stokes mwaka 1852, na mojawapo ya vitu alivyotumia ni kwinini, ndio, ile ile dawa ya malaria, maji yake yanatoa bluu ukiyaweka kwenye UV.

Lakini sasa nisikilize vizuri, hapa ndipo watu wanapopotea. Kwanza hiyo nyekundu inakwambia habari za tetrasaiklini tu, penisilini haiwezi kuwasha europiamu hivyo, ng'ombe anaweza kuwa amechomwa penisilini asubuhi hiyo hiyo na glasi ikakaa kimya. Pili ni kiasi. Codex, ile tume ya FAO na WHO ya viwango vya chakula, imeweka kikomo cha tetrasaiklini kwenye maziwa mikrogramu 100 kwa lita. Ukitaka kuiona kwa macho ya akili, ni gramu moja imeyeyushwa kwenye lita 10,000, tanki zima la lori. Kwa maonyesho ya video mtu anaweza kuweka dawa mara elfu ya hapo ili kamera ione, na hakuna ubaya kama anafundisha, ubaya ni mtazamaji kudhani kwamba glasi isiyowaka ni salama.

Tatu, na hili ndo naliona kubwa kuliko yote, maziwa sio maji. Lita moja ya maziwa ya ng'ombe ina kalsiamu kama gramu 1.2, na tetrasaiklini inaipenda sana kalsiamu (ndo maana mkipewa vidonge vyake hospitali mnaambiwa msimeze na maziwa). Ukipiga hesabu ya molekuli, pale kwenye kikomo cha Codex kalsiamu inaizidi dawa zaidi ya mara laki moja. Ongeza fosfeti ambayo yenyewe inaivuta europiamu, ongeza protini zinazoshika dawa, ongeza mafuta yanayotawanya mwanga, halafu uniambie kama matone mawili na tochi vitatosha. Kwenye maabara maziwa yanasafishwa kwanza, protini inagandishwa kwa asidi na kuondolewa, ndipo mwanga unapimwa kwa mashine. Kwa hiyo kemia ya kwenye video ipo, ila kama kipimo cha maziwa bado.

Daktari salamu kutoka Nakuru. Niko na ATM ya maziwa, ile mashine ya kuuzia maziwa, napokea kutoka kwa wakulima kama kumi hivi. Hapa dukani niko na taa ya kupima noti bandia, si ni UV hiyo? Nikiweka maziwa chini yake siwezi kujua yenye dawa?

Salamu ndugu yangu, na nashukuru sana kwamba unafikiria kupima, wengi hawafikirii. Jibu ni hapana, usiitumie, na sio kwa sababu taa ni mbovu. Maziwa safi kabisa, ya ng'ombe ambaye hajawahi kuona sindano, yanang'aa yenyewe chini ya UV. Yana riboflavini, yaani vitamini B2, ambayo inatoa mwanga wa kijani-njano wa nanomita 520 na kitu, na protini zake nazo zinang'aa kivyake. Kuna dawa zinazong'aa zenyewe pia, enroflosasini kwa mfano inatoa bluu, ila kwa kiasi kinachotafutwa bluu hiyo inamezwa na mng'ao wa maziwa yenyewe, jicho halitenganishi. Utamkataa mkulima asiye na kosa na utampokea mwenye kosa. Na tafadhali usiiangalie hiyo taa moja kwa moja, macho hayana spea.

Wataalamu wanaokwepa tatizo hili wanatumia muda. Riboflavini ikimulikwa inang'aa na kuzima ndani ya nanosekunde chache, europiamu iliyoshikana na dawa inaendelea kutoa mwanga kwa makumi hadi mamia ya mikrosekunde, yaani maelfu ya mara zaidi. Kwa hiyo mashine inawasha taa, inaizima, inasubiri kidogo mng'ao wa maziwa ufe, ndipo inafungua jicho lake, na kinachobaki kuonekana ni kile unachokitafuta. Naipenda sana mbinu hii kwa sababu haigombani na maziwa, inayasubiri yanyamaze. Lakini hiyo inataka kifaa, taa ya noti haijui kusubiri.

Kwa biashara yako cha kufanya leo ni vijiti vya kupimia vya haraka, nitavielezea hapo chini kwa mwenzako wa Tanga, na daftari: kila mkulima aandike ng'ombe yupi kachomwa, dawa gani, tarehe gani. Sampuli ndogo ya kila mkulima iweke kwenye friji kabla hujachanganya, likitokea tatizo utajua limetoka wapi.

Mwalimu wetu wa baiolojia alisema tetrasaiklini inaweza kung'aa ndani ya mifupa ya mtu. Ni kweli? – Mwanafunzi wa sekondari, Mombasa

Ni kweli mwanangu, mwalimu wako yuko sahihi. Ni ile ile habari ya kalsiamu, mfupa unaojengwa una kalsiamu na dawa inajishikiza humo, ukiumulika na UV unatoa njano. Meno ya watoto pia, ndo sababu wajawazito na watoto wadogo wanazuiwa dawa hizi, meno yanabaki na madoa ya njano au ya kahawia maisha yote. Na kuna kisa kizuri sana cha huku kwetu Afrika: mwaka 1980 timu ya mwanaanthropolojia George Armelagos ilitangaza kwamba mifupa ya watu wa Nubia, huko Sudan, waliokufa zaidi ya miaka 1,400 iliyopita, inang'aa njano-kijani kwa sababu ya tetrasaiklini. Dawa yenyewe imegunduliwa na sayansi miaka ya 1940! Maelezo yanayokubalika ni kwamba pombe yao ya nafaka ilikuwa na bakteria wa udongo wanaotengeneza tetrasaiklini wenyewe, wakawa wanainywa.

Nachemsha maziwa mpaka yanapanda mara tatu, si dawa zote zinaisha? Nauliza kwa sababu mwanangu ana aleji ya penisilini na anapenda maziwa sana. – Mama wa Tabata, Dar

Mama yangu, endelea kuchemsha, usiache hata siku moja, kuchemsha kunaua vijidudu vya brusela na vya kifua kikuu cha ng'ombe na vingine vingi. Lakini dawa sio kijidudu. Moto wa jikoni unapunguza baadhi ya dawa kidogo, nyingi zinabaki, na hata penisilini iliyovunjika vipande vyake bado vinaweza kumchokoza mwenye aleji. Upasteurishaji wa kiwandani nao ndo hivyo hivyo, haukuwekwa kwa ajili ya dawa. Kwa mtoto wako nunua sehemu unayojua wanapima maziwa kabla ya kupokea, uliza bila aibu, na mwambie daktari wake wa hospitali kuhusu maziwa pia sio vidonge tu. Akitoka vipele au akianza kuvimba midomo au kukosa pumzi baada ya kunywa, hiyo ni hospitali moja kwa moja, usisubiri asubuhi.

Nasindika mtindi Arusha kidogo kidogo. Kuna siku mtindi unakataa kabisa kuganda, kimea cha kugandishia ni kile kile, sufuria ni ile ile. Wenzangu wanasema ni dawa. Nitajuaje?

Wenzako wanaweza kuwa sahihi. Bakteria wa kugandisha mtindi ni bakteria kama wengine, penisilini haiwachagui, kiasi kidogo tu kinawadumaza. Lakini kabla hujamlaumu mfugaji angalia vitu vingine: maziwa yalikuwa ya moto sana ulipoweka kimea na ukawaua, au yalipoa sana, sabuni au dawa ya kusafishia imebaki kwenye chombo, kimea kimezeeka, au kimeingiwa na virusi wanaokula bakteria.

Kupima fanya hivi: chukua maziwa ya mtu unayemwamini kabisa kwamba hajachoma ng'ombe, chukua na yale ya mashaka, chemsha yote sawasawa, poza sawasawa, weka kimea kile kile kwa kipimo kile kile, yaache sehemu moja yenye joto moja. Ya kwanza yakiganda ya pili yakagoma, basi shaka yako ina msingi mkubwa. Sio ushahidi wa mahakamani ila inatosha kukufanya upeleke sampuli maabara. Kipimo cha viwandani kinachoitwa Delvotest kinatumia wazo hilo hilo, ndani yake kuna spora za bakteria mmoja anayependa joto la nyuzi 64 na rangi ya zambarau, wakikua wanatoa asidi rangi inageuka njano, dawa ikiwepo hawakui na zambarau inabaki. Inachukua kama masaa matatu. Uzuri wake ni kwamba haiulizi dawa inaitwa nani, ubaya wake ni hayo masaa, lori la maziwa halisimami masaa matatu juani.

Daktari mimi niko Nyandarua. Ng'ombe wangu alishikwa na mastaitisi, ule ugonjwa wa kiwele, kwa titi moja tu, nikaweka tyubu kwa hilo titi, maziwa yake nikamwaga. Yale ya matiti matatu mazima nikapeleka kwa chama chetu cha wafugaji. Maziwa ya tanki yote yakakataliwa na sasa wanasema ni mimi. Si wananionea? Titi moja tu!

Pole sana ndugu, najua hasara ya kumwagiwa maziwa inavyouma, na najua kwamba hukufanya kwa nia mbaya. Lakini ukweli ni huu, dawa ukiiweka kwenye titi moja haibaki humo. Inaingia kwenye damu na damu inapita kiwele chote, kwa hiyo matiti yale matatu nayo yanaweza kutoa dawa. Kipindi cha kusubiri kilichoandikwa kwenye pakiti ni cha ng'ombe mzima.

Sasa angalia hesabu ndo utaelewa kwa nini chama kilishtuka. Kikomo cha Codex cha penisilini kwenye maziwa ni mikrogramu 4 kwa lita, mara 25 chini ya kile cha tetrasaiklini. Tuseme tanki la chama ni lita 3,000. Mara 4 hiyo ni mikrogramu 12,000, yaani miligramu 12. Miligramu 12 za penisilini ni sawa na yuniti 20,000, na penistrep ya kawaida ya sindano ina yuniti 200,000 kwa kila mililita moja. Kwa hiyo moja ya kumi ya mililita, tone mbili tatu, inatosha kufikisha tanki zima kwenye kikomo. Wanaosema "si yatachanganyika na ya wengine yatazimuka" hawajawahi kuipiga hesabu hii, mimi nimeanza kuipiga kwenye kila mkutano wa wafugaji na watu wanakaa kimya.

Ushauri wangu: soma pakiti, hesabu masaa kuanzia dawa ya MWISHO sio ya kwanza, mfunge ng'ombe kamba ya rangi mguuni ili hata kijana wa kukamua ajue, na mkamue wa mwisho. Kama uliongeza kipimo au ulirudia dawa zaidi ya ilivyoandikwa, ule muda wa kwenye pakiti haukulindi tena, muulize vetinari. Na chunga sana tyubu za kukaushia ng'ombe, zile zimetengenezwa zikae wiki nyingi kiweleni, ng'ombe akizaa kabla ya tarehe dawa bado imo.

Kuhusu kama ni wewe au sio wewe, siwezi kuhukumu nikiwa huku mbali. Mlitakiwa kuwa na sampuli ya kila mtu, kama chama hakikuweka basi hakuna anayeweza kusema kwa uhakika, na hilo mlijadili kwenye kikao mkiwa na utulivu.

Tuko Tanga, ushirika wetu umenunua vijiti vya kupimia. Kijiti kinasema safi, tunapeleka, kiwandani wanakataa wanasema kuna dawa. Vijiti ni feki au kiwanda kinatuibia?

Inawezekana hakuna feki wala mwizi. Angalia kwenye boksi kimeandikwa kinapima nini. Vijiti vingi vya bei nafuu vinapima kundi la penisilini na ndugu zake tu. Mfugaji akichoma OTC, kijiti cha penisilini kitasema safi na kitakuwa kimesema kweli, kwa sababu hakikuulizwa habari za OTC. Kiwanda kikipima na kijiti cha makundi mawili au manne, au na kile kipimo cha bakteria, kitaona. Ni muhimu sana ushirika ujue wafugaji wake wanatumia dawa zipi kwanza, ndipo mnunue kijiti. Waulizeni wenye maduka ya dawa za mifugo hapo kwenu, wao ndio wanajua kinachouzwa.

Kijiti kinafanyaje kazi: kuna kingamwili au protini maalumu inayoijua dawa, imefungiwa chembe ndogo za dhahabu ndo zinatoa ule mstari mwekundu. Kwenye vingi vyake ni kinyume na unavyotarajia, mstari ukionekana vizuri ni safi, mstari ukififia au ukipotea kuna dawa, na hapa watu wengi wanasoma vibaya hasa mwanga wa asubuhi ukiwa hafifu. Siku hizi vipo ambavyo badala ya dhahabu vimewekwa chembe zinazong'aa, unakiingiza kwenye kasha dogo lenye taa na kipokea mwanga linakusomea namba. Faida yake kubwa ni kuondoa mabishano ya macho, huyu anaona mstari yule haoni. Hapa ndo naiona fluoresensi ikifika kwa mfugaji kabla ya njia nyingine zote, maana kingamwili inashughulika na kuichagua dawa, mwanga unashughulika na kuhesabu tu.

Na joto jamani. Vijiti vilivyokaa kwenye dashibodi ya pikipiki Tanga mwezi wa pili sio vijiti tena. Friji, na mviache vifikie joto la chumba kabla ya kutumia. Kila boksi jipya mpime kwanza maziwa mnayojua ni safi.

Shikamoo daktari. Niko mwaka wa mwisho chuoni Morogoro. Projekti yangu ni nukta za kaboni, nimezitengeneza kwa maganda ya machungwa, zinang'aa bluu na nikiweka tetrasaiklini zinafifia. Kikomo changu cha ugunduzi, yaani kiasi kidogo kabisa ninachoweza kukiona, ni nanomola 5, naona ni kidogo sana, lakini msimamizi anasema hicho bado sio kihisi (kifaa cha kugundua dawa) cha maziwa. Shida iko wapi?

Marahaba, na hongera. Swali lako limenifurahisha na nitalijibu kwa urefu, wengine mnivumilie.

Kwa ambao hawajui, nukta za kaboni ni chembe za nanomita chache tu zinazong'aa, zilionekana kwa mara ya kwanza mwaka 2004 watu wakiwa wanasafisha kitu kingine kabisa, mirija ya kaboni. Ni binamu wa chembe nyingine ndogo zinazong'aa, zile nukta za kwanta zilizowapa Moungi Bawendi, Louis Brus na Alexei Ekimov tuzo ya Nobel ya kemia 2023, ila nyingi ya zile zina kadimiamu ambayo ni sumu, hizi unapika maganda na maji kwenye chombo kilichofungwa, nyuzi 180 au 200, masaa kadhaa, basi. Kwa chuo kisicho na bajeti ni baraka.

Sasa namba yako. Nanomola 5 za tetrasaiklini ni kama mikrogramu 2.2 kwa lita. Kikomo cha Codex ni 100, ambayo ni kama nanomola 225. Yaani umeshafika chini ya kinachohitajika kwa mara 45. Ukihangaika kushusha mpaka nanomola 1 hutamsaidia mfugaji hata mmoja. Nasema hivi kwa nguvu kwa sababu nasoma tafiti nyingi zinashindana nani ana namba ndogo, wakati swali la kituo cha kupokelea maziwa ni moja tu, hili keni lina zaidi ya 100 au halina, ndiyo au hapana, na usinikoseshe.

Msimamizi wako nadhani ana mambo matatu kichwani. La kwanza, kwa nini nukta zinafifia? Kwa tetrasaiklini mara nyingi sababu ni kwamba dawa inanyonya mwanga ule ule unaoutumia kuziwasha nukta, karibu nanomita 360, inazikinga tu zisipate mwanga. Haina ubaya, lakini maana yake kitu chochote kingine kinachonyonya hapo kitafanya hivyo hivyo. Na kwenye maziwa nani yupo hapo? Riboflavini, ananyonya kwenye 370 na kitu na tena karibu na 445. Kwa hiyo maziwa yenyewe yatazififisha nukta zako bila dawa yoyote, na chuma kikiwemo nacho kinazififisha. Kihisi cha kuzima kina udhaifu huo siku zote, vitu vya kuzima mwanga ni vingi, vya kuuwasha ni vichache.

Kwa hiyo jaribu kuweka rangi mbili. Changanya nukta zako na europiamu: dawa ikiingia bluu inashuka, nyekundu inapanda, wewe unapima uwiano wa hizo mbili. Taa ikichoka au maziwa yakiwa na mafuta zaidi rangi zote mbili zinaguswa na uwiano unayumba kidogo tu. Na kwa macho inaonekana, bluu inageuka zambarau hadi nyekundu, hata simu inaweza kupiga picha ikasomwa. Kuna wanaoifungia europiamu kwenye zile fremu za metali na viungo vya kaboni, zenye matundu, zilizowapa Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi Nobel ya 2025, ila wewe kwa muda uliobaki usiende huko, maliza hii.

La pili, umepima kwenye nini? Kama ni maji ya maabara, msimamizi wako ana haki. Chukua maziwa mabichi ya ng'ombe tofauti, wa kienyeji, wa kisasa, aliyezaa juzi, anayekaribia kukauka, usitumie pakiti moja ya dukani. Yaongezee dawa kwa nusu ya kikomo, kikomo chenyewe, na moja na nusu, yaani 50, 100 na 150. Mengine acha bila dawa kabisa, na hayo ndo yatakufundisha zaidi, utashangaa yanavyotofautiana. Ondoa protini kwa asidi ya trikloroasetiki na uyazungushe kwa kasi kwenye mashine, lakini kumbuka asidi inabadilisha mng'ao wa nukta, kwa hiyo rudisha pH iwe ile ile kila mara. Ile mistari ya kukokotoa, ya kugeuza mng'ao kuwa kiasi cha dawa, itengeneze kwenye maziwa yaliyosafishwa hivyo hivyo, usiitengeneze kwenye maji.

La tatu ni uamuzi. Ulaya kipimo cha kuchuja, yaani cha kwanza cha kushuku, hakikubaliki kama kinashindwa kuona dawa kwenye zaidi ya sampuli 5 kati ya 100 pale kwenye kiwango kinacholengwa. Kwa vitendo watu wanapima sampuli 20 zenye dawa kwenye kiwango hicho, na isiyoonekana isizidi moja. Fanya hivyo hivyo, andika zilizokosewa bila kuzificha. Baadhi ya sampuli zipeleke zikahakikiwe kwa kromatografia ya kimiminika yenye spektrometa ya masi, kwa sababu kihisi kinashuku, mashine ile ndo inathibitisha.

Na ukipata nafasi ya kuendelea na masomo, nenda kwenye penisilini. Haing'ai vizuri yenyewe, haiiwashi europiamu, kikomo chake ni nanomola 12 tu, na ndiyo iliyo kwenye tyubu nyingi za mastaitisi. Tetrasaiklini imependwa na watafiti kwa sababu ni rahisi kuiwasha. Yule mfugaji wa Nyandarua hapo juu shida yake ilikuwa tyubu. Kwa hiyo utahitaji kingamwili, au aptama, vile vipande vya DNA vinavyochaguliwa kwa kushika molekuli moja, na mng'ao uwe wa kubandikwa juu yake.

Maziwa ya ng'ombe niliyemtibu nawapa ndama, si salama kuliko kumwaga? – Mfugaji, Iringa

Kwa mfuko wako naelewa, ila hapana ndugu. Ndama akinywa dawa kidogo kidogo kila siku, bakteria wa tumboni mwake wanaizoea, na siku anaugua kweli dawa ile haimtibu, tena bakteria hao wanatoka kwenye kinyesi wanabaki zizini na wewe na watoto wako mnapita humo humo. Na ndama wa kiume ukimchinja mapema nyama yake nayo ina mabaki. Yamwage kwenye shimo mbali na kisima na mbali na mfereji, na mbwa na nguruwe wasiyafikie. Ndama mpe maziwa ya ng'ombe mwingine mpaka muda wa kwenye pakiti upite.